Freni ya mdomo wa bunduki kwa uwindaji wa mbali: mwongozo kamili toka kuchagua mpaka kusafisha

Kiangazi ikifika Lubumbashi na majani yakianza kuungua, swali linarudi paka lile lile: "Vye, bunduki yangu ya .300 inanipiga bega mpaka naogopa kuvuta, niweke freni?" Unaweza kuweka, sikukatazi, lakini ujue kitu kimoja mbele ya kutoa franga. Freni haiui ile nguvu, inaihamisha tu. Inaitoa ku bega lako inaitupa pembeni, na pembeni njo fasi pistere (mfuata nyayo wako) anasimama, njo fasi mtoto wa yaya yako anasimama, na masikio yako wewe mwenyewe hayako mbali. Kwa hiyo hapa nitaongea sana juu ya watu kuliko juu ya chuma, ijapokuwa wengi wanapendaka kusikia paka chuma.

Moja kabla hatujaingia: haya yote ni ya mtu mwenye bunduki yenye karatasi na ruhusa ya kuwinda. Sheria ya uwindaji ya Kongo namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 iko wazi, bila ruhusa hakuna kuwinda, na mu mbuga kama Upemba (ya 1939) na Kundelungu (ya 1970) usiwaze hata kidogo. Freni haibadilishi kitu hapo.

Hatua ya 1: Elewa gazi inafanya nini

Freni ni kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa ku mwisho wa mtutu. Risasi ikitoka, nyuma yake inatoka gazi ya baruti, na ile gazi inakimbia kushinda risasi yenyewe, karibu meta 1400 mu segonde. Bila freni yote inaenda mbele na inasukuma bunduki nyuma. Na freni, sehemu kubwa inagonga kuta za ndani na kugeuzwa pembeni, ao hata nyuma kidogo, basi inavuta bunduki mbele.

Tupige hesabu, juu watu wanadanganyana sana hapa. Chukua .300 Winchester Magnum yenye uzito wa kilo 4 pamoja na lineti (darubini yake). Risasi ya gramu 11,7 inatoka kwa meta 900 mu segonde: kilo mara mbio inakupa karibu 10,5. Baruti gramu 4,7 kwa meta 1400 inakupa karibu 6,6. Jumla 17,1, na hiyo njo inakugonga bega, sawa na juli 37 hivi. Sasa freni nzuri ikitoa theluthi mbili ya ile 6,6 ya gazi, unabaki na 12,7, na nguvu ya teke inashuka mpaka juli 20. Umeona? Umepunguza robo tu ya ile jumla lakini teke limepungua karibu nusu, sababu ile nguvu inahesabiwa kwa kuzidisha mbio mara mbio.

Lakini ile 10,5 ya risasi haishikiki. Freni haina kazi yoyote mpaka risasi itoke, kwa hiyo mtu akikuambia freni yake inatoa asilimia 90 ya teke ya bunduki ya kawaida, mwache aende na bidhaa yake. Na juu ya sababu hiyo hiyo, freni ku bunduki yenye baruti kidogo na risasi nzito, kama zile za gobole ao za kartushi za kuwindia ndege, haikupi mengi.

Hatua ya 2: Uliza kama unaihitaji kweli

Hapa mimi niko mgumu. Ukiwa na bunduki ya kartushi ya kadiri kama 7x57, .308 ao .30-06, na unawinda mu miombo fasi mti na mti hakuna hata meta 100 za kuona vizuri, freni ni hasara. Teke la .308 mtu mzima analizoea. Kama linakuumiza angalia kwanza mambo ya bei ndogo: kitako ni kirefu ama kifupi kuliko mkono wako? Mpira wa nyuma ya kitako umekauka kama jiwe? Lineti iko karibu sana na jicho? Bunduki ni nyepesi kupita kiasi? Ongeza nusu kilo ku bunduki ya kilo 3 uone teke linavyopungua bila kelele hata moja kuongezeka. Wengi wanaolalamika juu ya teke, shida yao iko ku kitako.

Freni inaanza kuwa na maana ku .300 Winchester Magnum, 7 mm Remington Magnum kwa mtu mwepesi, .338 Lapua Magnum, na kwa wengine .375 H&H. Na inakuwa na maana zaidi ukienda ku dembo kubwa (bonde wazi la majani) ao ku nyanda za juu zenye majani matupu, fasi swala anaweza kusimama meta 300 ao 400 na hakuna kichaka cha kumkaribia.

Na kwa uwindaji wa mbali faida kubwa ya freni haiko hata ku bega, iko ku jicho. Ku meta 400 risasi ya .300 inachukua karibu nusu segonde kufika. Bila freni bunduki inaruka, lineti inaangalia mbingu, ukirudi chini nyama ameshakimbia na haujui ulimpiga wapi ao ulikosa upande gani. Na freni, ukiwa umelala vizuri na umepunguza ukuzaji wa lineti (tuseme 8 ao 10 badala ya 20), unabaki unamwona, unaona vumbi ao unaona anavyoshtuka. Hiyo inaokoa nyama aliyejeruhiwa, juu unajua palepale kama uvute ya pili. Faida nyingine ni kwamba hauzoei kufumba macho mbele ya kuvuta, ile tabia mbaya yenye kuharibu watu wengi wenye bunduki kubwa.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kuna za matundu ya duara yanayozunguka pande zote, hizo zinaonekana nzuri na zinapunguza teke kiasi, lakini gazi inatoka pia chini. Mu kiangazi yetu, ukiwa umelala ku udongo mwekundu, ukivuta tu unapata wingu la vumbi mbele ya uso na hauoni kitu tena, na faida yote ya jicho niliyotoka kuisema imekwisha. Kwa kupiga ukiwa chini chagua yenye madirisha ya kushoto na kulia tu, chini kumefungwa. Zingine zinakuwaka na tundu dogo juu, hizo zinasaidia mdomo usiruke, sawa.

Angalia pia pembe ya kuta. Kuta zinazoelekeza gazi nyuma sana zinapunguza teke sana lakini zinarudisha mlio wote ku uso wako. Mimi nachukua za pembeni sawasawa, bora teke kidogo zaidi na kichwa kizima.

Na chagua yenye kufunguka. Freni yenye kubandikwa moja kwa moja sipendi, sababu utaiona mu hatua ya 8.

Hatua ya 4: Pima mbele ya kununua

Chukua piyakulisi (kipimo cha milimeta). Pima unene wa mtutu ku mwisho kabisa, kisha angalia kama tayari una meno ya visi. Bunduki nyingi za Ulaya zinakujaka na M14x1 ao M15x1, za Marekani za kalibre .30 mara nyingi ni 5/8-24, yaani karibu milimeta 15,9 kwa unene wa nje wa meno. Kwa hiyo mtutu mwembamba wa milimeta 15 hauwezi kupewa 5/8-24, hakuna chuma cha kukereza. Usilazimishe na usikubali fundi akuambie "itashika".

Kinyume chake pia ni hatari. M14x1 ku .375: risasi ina milimeta 9,5, chini ya meno kunabaki milimeta 12,8 hivi, gawanya ile tofauti pande mbili, ukuta wa mtutu unabaki milimeta 1,6 tu ku mdomo. Nisingekubali.

Tundu la kutokea la freni lazima lipite risasi kwa karibu nusu milimeta. Kwa .30, risasi ni milimeta 7,8, basi tundu la 8,3 ao 8,4. Kubwa sana, gazi inapita mbele bila kufanya kazi. Dogo sana, risasi inaweza kugusa. Na usinunue freni ya kalibre ndogo ukafikiri utaitoboa nyumbani na pershezi ya ukuta, tafadhali.

Hatua ya 5: Kufunga

Kama mtutu hauna meno, hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye mashine ya kukereza, na anayepanga kazi yake kufuatana na tundu la ndani ya mtutu, si ngozi ya nje. Mji wetu uko na wakerezaji wazuri sana, migodi imelea wengi, lakini kukereza ekseli ya kamio ni kazi moja, na mdomo wa bunduki ni kazi nyingine. Ngozi ya nje ya mtutu na tundu la ndani mara nyingi haviko katikati moja, mwenye hajui hiyo atakupa meno yaliyolala kidogo upande, na freni italala upande, na risasi itagonga ukuta wa freni.

Kama meno yapo tayari, unaweza kufunga mwenyewe. Toa kartushi zote, toa kitasa (kile chuma cha nyuma kinachosukuma kartushi ndani), angalia ndani kwa macho. Safisha meno ya mtutu na ya freni na kitambaa chenye dawa ya kutoa mafuta, hata punje moja ya mchanga inaweza kuifanya ikae vibaya. Shika mtutu wenyewe mu etau yenye mbao ao ngozi, karibu na mdomo, kamwe usishike ku mwili wa bunduki ukaizungusha toka kule, utapinda kitu. Kisha ifunge kwa mkono mpaka iguse ile ngazi ya mtutu.

Sasa madirisha lazima yaangalie kushoto na kulia sawasawa. Mara nyingi hayataangalia, na hapo watu wanakaza kwa nguvu mpaka yafike. Hapana. Tumia rondeli nyembamba za kurekebisha ao nunua freni yenye ekru ya nyuma: unaigeuza mpaka ikae sawa, kisha unakaza ekru. Nguvu ya kukaza fuata karatasi ya mtengenezaji, nyingi zinataka kama Nm 27 mpaka 40, na kle dinamometriki inasaidia. Gundi ya visi ya kawaida, ile ya buluu, inalegea na joto la mtutu, usiitegemee.

Hatua ya 6: Fimbo, usiiruke hii

Kabla ya risasi ya kwanza pitisha fimbo nyoofu ya chuma, yenye unene wa karibu sana na tundu la mtutu, toka nyuma mpaka itokee mbele ya freni. Simama mbele (kitasa kimetoka, umeshaangalia mara mbili) na taa, uangalie nafasi kati ya fimbo na ukingo wa tundu la freni. Lazima iwe duara sawa pande zote. Ukiona upande mmoja kuna mwanga na upande mwingine fimbo imekaribia kugusa, usipige hata moja. Fungua, safisha, funga tena. Bado iko vile vile, rudisha kwa fundi.

Fimbo ya kununua ku soko la vyuma mara nyingi imepinda. Iviringishe ku kioo cha meza, ikitetemeka ujue.

Hatua ya 7: Masikio

Mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 unaweza kuharibu sikio mara moja, bila kungoja miaka. Bunduki kubwa ya kuwindia bila freni tayari iko 160 na kitu. Freni inaongeza kama 5 mpaka 10 ku sikio la mpigaji na la aliye pembeni, na desibeli 10 maana yake nguvu ya mlio mara kumi. Watu wanasema "mimi nimezoea". Sikio halizoei, linakufa. Ile filimbi inayolia mu kichwa usiku mu nyumba ya vye wengi wa zamani haina dawa.

Basi vaa viwili: bushoni ndani, kaske juu. Hapa tuko mu mji wa migodi, kaske za masikio za wafanyakazi zinapatikana ku maduka ya vifaa vya usalama, hakuna udhuru. Ujue tu kwamba bushoni ya 30 na kaske ya 25 hazifanyi 55, zinakupa kama 5 zaidi ya ile yenye nguvu, na namba za karatasi ni za laboratware, ku kichwa chako chenye miwani ao kofia ni kidogo zaidi.

Bushoni za sifongo wengi wanazitia vibaya, zinabaki nje kama kizibo cha chupa. Ifinye na vidole mpaka iwe nyembamba kama sigara, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, sukuma ndani, na uishike na kidole segonde 20 ao 30 mpaka ivimbe. Sauti yako mwenyewe ikianza kusikika nzito ndani ya kichwa, imeingia.

Na pistere? Pistere anategemea masikio yake kwa kazi, anasikia tawi likivunjika wewe haujasikia kitu. Mtu anayenunua freni ya dola mia mbili na hana bushoni za kumpa pistere, huyo hajakamilisha kununua. Mpe kabla ya kutoka, mwonyeshe kuvaa, na mupange ishara ya mkono: ukiinua kidole, kila mtu anavaa. Kaske za elektroniki zinazopitisha sauti ndogo na kufunga kubwa ni nzuri sana kwa hii, bei ni nyingine.

Hatua ya 8: Ku pori

Kila mtu nyuma ya mgongo wako, hatua tatu nne. Hakuna mtu pembeni, hakuna mtu mbele kidogo "ili aone vizuri na jumeli". Mwindaji kiongozi akikwambia utoe freni, toa bila ubishi, na wengi wa kusini mwa Afrika wanasemaka hivyo siku ya kwanza, juu wao wanasimama karibu na mteja na wanapigiwa ku sikio mwaka mzima. Njo sababu nilisema freni yenye kufunguka, na usisahau kile kifuniko cha kukinga meno.

Usipige na freni toka ndani ya gari, wala mdomo ukiwa chini ya paa la gari. Gazi inagonga bati na inarudi.

Na vichuguu. Vyetu vya Katanga ni vikubwa, vingine vinapita meta 5, na kila mwindaji anapenda kuegemea kichuguu. Ni sawa kuegemea, lakini mdomo wa bunduki upite mbele ya udongo kabisa. Ukiacha dirisha la freni likiangalia ukuta wa kichuguu kutoka sentimeta 30, mlio unarudi wote ku uso wako pamoja na vumbi na vipande vya udongo mu macho. Vilevile ku fito za kuegemea: freni iwe mbele ya fito kwa urefu wa kiganja, isiwe juu ya begi, gazi inachana kitambaa. Ukilala chini, tandika turubai ao mwaga maji kidogo kama una maji ya kumwaga.

Hatua ya 9: Regle upya, mara mbili

Uzito mpya ku mdomo unabadilisha namna mtutu unavyotetemeka, kwa hiyo risasi haitafika fasi ya zamani, hata kama mbio yake haijabadilika. Ku meta 100 inaweza kuhama sentimeta kadhaa. Piga tatu na freni, acha mtutu upoe, piga tatu tena, regle lineti mpaka risasi ifike fasi unalenga. Kisha toa freni, weka kifuniko, piga tatu bila kugusa lineti na upime tofauti. Lineti nyingi za Ulaya kliki moja (hatua moja ya kizungusho chake) ni sentimeta 1 ku meta 100, basi kama bila freni risasi imeshuka 3 na imeenda kulia 2, andika ku skochi nyeupe: "BILA FRENI: juu 3, kushoto 2", na ubandike ku kitako upande wa shavu. Kiongozi akisema toa, unageuza kliki tano na unaendelea na safari.

Rudisha freni na upige tena moja mbili, uone kama inarudi fasi yake. Isiporudi, kufunga kwako hakuko sawa, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 10: Usafi na kuangalia

Freni inakusanya moshi mgumu mweusi na shaba ya risasi. Ifungue, iloweke mu dawa ya kutoa moshi, isugue na brashi ya nailoni ao ya shaba, usitumie ya chuma ku ukingo wa tundu. Kama freni ni ya aluminiamu soma kwanza chupa ya dawa, zingine zinaila. Ukisafisha mtutu, toa freni, ama dawa na uchafu vitabaki mu kuta zake na kurudi ndani.

Kila asubuhi ku kambi ishike na mkono ujaribu kuizungusha. Ikisogea hata kidogo, siku hiyo hakuna kupiga mpaka ikazwe na fimbo ipite tena. Chora mstari mdogo wa rangi toka freni mpaka ku mtutu, mistari miwili ikiachana utaona kwa jicho.

Na bunduki iliyokaa mu sanduku miezi ya mvua, toa kitasa na uangalie na taa mpaka mwisho. Nyigu wa udongo wanapenda sana matundu ya ukubwa ule, na freni yenye madirisha inawapa milango mingi kuliko mtutu mtupu. Udongo wao ukikauka unakuwa mgumu, na skochi ya kuziba tundu la mbele haikingi madirisha ya pembeni. Wakati wa kubeba mu mvua, mdomo chini.